Mkono wa binti yangu na mstari mmoja kwenye faili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba watoto wanaozaliwa na mkono mlegevu hupona wenyewe, na kwamba wazazi wanaokwenda kwa mawakili wanatafuta pesa migongoni mwa wakunga. Nimeisoma barua ile mara tatu. Mara ya kwanza nililikunja gazeti nikaliweka kando. Mara ya tatu nilikiri moyoni kwamba nusu ya aliyoyasema ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ndiyo iliyotuponza sisi.

Mimi ni mama wa binti wa miaka saba. Mkono wake wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto na haunyooki sawasawa kwenye kiwiko. Akitaka kuupeleka mdomoni, kiwiko hutangulia kupanda hadi usawa wa sikio, kama mpiga tarumbeta. Madaktari nao wanaiita hivyo hivyo, ishara ya tarumbeta. Kibanio cha nywele anakifungua kwa meno. Kifungo cha nyuma ya shingo hakifikii, na tangu mwaka jana hataki tena nimfungie mbele za watu.

Alizaliwa usiku, baada ya uchungu mrefu. Dada yangu alikuwa amesimama kichwani pangu, na yeye ndiye aliyeona: kichwa cha mtoto kilitoka, kisha kikarudi ndani kidogo, mashavu yakabana pale pale. Mimi nilimsikia mkunga akimwita mwenzake kwa jina mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa kali. Mmoja alipanda kwenye kigoda akanikandamiza tumbo kutokea juu, chini ya mbavu. Mwingine alikuwa akivuta kichwa. Halafu kitu kikaachia, na mtoto akatoka. Kilo 4 na gramu 600.

Asubuhi, nilipokuwa nambadilisha nguo, mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka kama wa mtoto yeyote. Wa kulia ulikuwa umelala ubavuni, umejipinda kwa ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Niliuinua nikauachia, ukaanguka. Muuguzi aliyepita akaniambia, "Ameulalia huyo, mama, utarudi." Mchana tukaruhusiwa. Kwenye kadi waliandika kwamba mama na mtoto wako salama.

Sijaandika haya ili mtu afukuzwe kazi. Naandika kwa sababu "utarudi" niliisikia kwa muuguzi, nikaisikia kwa mama mkwe, nikaisikia kwa daktari wa kwanza na wa pili, na kila aliyeitamka alikuwa na nia njema. Niliambiwa subira huvuta heri. Nikasubiri miezi kumi na moja.

Ngoja nieleze kilichotokea ndani ya mkono ule, maana mimi mwenyewe nilikuja kukielewa nikiwa nimechelewa. Neva tano hutoka kwenye uti wa mgongo pale shingoni, hupita nyuma ya mtulinga, husukana pamoja kuelekea kwapani, kisha hugawanyika kwenda begani, kwenye kiwiko, mpaka kwenye ncha za vidole. Wakati wa kuzaliwa, kichwa kikishatoka, bega la mbele linaweza kukwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama. Kichwa kikivutwa upande na huku bega limebaki ndani, neva zile hunyooshwa kupita uwezo wake. Nyingine hushtuka tu, zikafa ganzi, na baada ya wiki kadhaa zikaamka. Nyingine huchanika kwa ndani na kuota kovu linaloziba njia. Nyingine hukatika kabisa. Na zipo zinazong'oka kwenye uti wenyewe, kama mche unavyong'oka na mizizi yake, na hizo hazioti tena.

Siku ya kwanza, zote nne kwa nje zinafanana. Mkono umelala. Hakuna mama, hakuna bibi, hakuna muuguzi anayeweza kutazama mkono wa mtoto wa siku moja akajua ndani ni ipi. Kwa hiyo anayesema "utarudi" anabahatisha, hata kama mara nyingi bahati inampa.

Na kweli mara nyingi inampa. Msomaji wako ana haki hapo. Katika kila watoto 1,000, mmoja hadi watatu hivi huzaliwa na jeraha hili, na wengi wao hupata nafuu. Lakini asilimia 20 hadi 30 hubaki na dosari ya maisha, na hakuna alama usoni mwa mtoto inayosema yeye ni wa kundi lipi. Wala si ugonjwa mpya uliowazidi watu maarifa. Mfaransa Duchenne aliueleza kwa watoto wachanga mwaka 1872. Mjerumani Wilhelm Erb aliuandika mwaka 1874, na kupooza kwa sehemu ya juu ya mkono hadi leo kunaitwa kwa jina lake. Augusta Klumpke, akiwa Paris, alieleza mwaka 1885 ule wa neva za chini, unaoua kiganja na vidole. Miaka 150 baadaye mimi nikaambiwa mtoto ameulalia.

Neva ikikatika, huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Piga hesabu kutoka shingoni mpaka kwenye msuli unaokunja kiwiko, hiyo ni miezi. Na msuli hausubiri milele: ukikaa bila neva kwa mwaka na nusu hivi, hubadilika, na hata neva ikija kufika unakuwa hauitikii. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji wa neva hizi wana kipimo chao. Alain Gilbert wa Paris ndiye aliyekieneza, tangu miaka ya 1980: kama mtoto hajaanza kukunja kiwiko mwenyewe akifika miezi mitatu, apelekwe kwa mtaalamu afikiriwe upasuaji. Vituo vingine husubiri zaidi kidogo, lakini kwa kawaida upasuaji wa neva hufanywa kati ya mwezi wa tatu na wa tisa. Huchukua kipande cha neva kwenye shavu la mguu, ambako hasara yake ni ganzi ndogo pembeni ya unyayo, wakakipandikiza shingoni. Au huhamisha tawi la neva nzima iliyo karibu wakaliunganisha na msuli uliolala.

Wapo ambao hata miezi mitatu ni mingi kwao. Mtoto ambaye vidole havichezi kabisa, au kope la upande ule ule limelegea na mboni ya jicho ni ndogo kuliko ya pili, au anapumua kwa shida kwa sababu neva ya kiwambo cha pumzi nayo imeguswa, huyo apelekwe mapema iwezekanavyo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyempata hatimaye alikuwa kijana mpole. Alimlaza binti yangu chali juu ya mkeka, akachukua kitambaa chepesi, akamfunika uso. Mkono wa kushoto ulikuja mara moja, ukakivuta, akacheka. Kijana akaushika ule wa kushoto taratibu, akamfunika tena. Mkono wa kulia ukatetemeka begani, ukanyanyuka kidogo, ukashuka. Akajaribu tena. Kichwa kikaanza kugeuka huku na huku chini ya kitambaa, kicheko kikawa kilio, na mimi nikakiondoa mwenyewe. Jaribio hilo hufanywa watoto wakiwa na miezi sita. Wangu alikuwa na miezi kumi na moja. Daktari mpasuaji aliyetuona wiki iliyofuata alisema, bila kunilaumu, kwamba wakati mzuri wa kupandikiza neva umeshapita. Kilichobaki ni mazoezi ya kila siku ili kiungo cha bega kisigande, na baadaye, akikua, kuhamisha kano ili aweze kuuzungushia mkono nje. Tulifanya alipofika miaka mitano. Umesaidia. Mswaki unafika.

(Kwa mama mwenye mtoto kama huyu sasa hivi, jambo dogo ambalo lingenipunguzia machozi mengi: unapomvika, anza na mkono mgonjwa. Unapomvua, umalize nao. Na usimnyanyue kwa kumshika makwapa.)

Sasa nije kwenye sheria, ambako msomaji wako alitukemea.

Nilikwenda kwa wakili binti yangu akiwa na miaka minne. Ni mama mtu mzima, anaongea polepole. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya kigoda na kukandamizwa tumbo, nimeirudia njia nzima. Hakuniuliza hayo. Aliuliza, "Faili liko wapi?"

Sikuwa nalo. Haikuwahi kunijia kwamba faili la hospitali ni kitu mtu anaweza kuomba. Katika nchi nyingi nakala ya rekodi zako za matibabu ni haki yako kisheria, unaandika barua, unalipia nakala, unapewa. Ilinichukua miezi mitano. Uingereza, rekodi za uzazi hutunzwa miaka 25. Sisi tuliambiwa kwanza kwamba zimehamishwa, kisha kwamba aliye na ufunguo yuko likizo. Zilipofika, chati ya kufuatilia uchungu ilikuwa imejazwa hadi saa tatu usiku, ikakomea hapo. Na kuhusu kuzaliwa kwenyewe palikuwa na mstari mmoja, kwa kalamu ya bluu: "Bega lilikwama. Mtoto ametolewa akiwa hai."

Wakili aliusoma, akaweka karatasi mezani, akanieleza kilichokosekana. Kichwa kilitoka saa ngapi na dakika ngapi, mwili ukafuata saa ngapi na dakika ngapi. Nani alikuwemo chumbani na aliitwa lini. Hatua gani zilichukuliwa, kwa mpangilio upi. Na jambo ambalo kamwe nisingelifikiria: bega lipi lilikuwa mbele, chini ya mfupa wa kinena, la kulia au la kushoto. Kama mkono ulioumia ndio uliokuwa mbele, hoja ya kwamba kichwa kilivutwa kwa nguvu inasimama vizuri. Kama ulikuwa nyuma, hospitali itasema neva ziliumia ndani kwa ndani, bega likigandamizwa na mfupa wa nyuma ya nyonga, kabla ya mkono wa mtu yeyote kumgusa mtoto. Neno moja tu, kulia au kushoto, na halikuandikwa.

Maana yake mtu hashindi kesi ya namna hii kwa uchungu wa mzazi. Mlalamikaji anapaswa kuonyesha kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwa mama na mtoto, kwamba alifanya chini ya kiwango ambacho mhudumu makini angekifikia, kwamba upungufu huo ndio uliosababisha jeraha, na kwamba jeraha limeleta hasara. La kwanza na la nne hazina ubishi. Mapambano yote yako katikati. Hospitali hazikosi cha kujibu: mwaka 2014 chuo cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitoa ripoti inayosema nguvu za uchungu wa mama mwenyewe zinaweza kunyoosha neva, na kwamba jeraha hutokea hata pale bega halikuonekana kukwama. Wakili wangu hakunificha hilo. Alisema yapo majeraha ambayo hakuna aliyekosea, na kama letu ni la hivyo atakuwa wa kwanza kuniambia nirudi nyumbani. Nilimwamini kwa sababu hiyo. Namwomba kila mzazi anayefuatwa mlangoni na mtu anayemhakikishia ushindi kabla faili halijafunguliwa, amkimbie.

Lakini kuna mambo ambayo hayana utetezi mwepesi. Bega likikwama, kukandamiza tumbo kutokea juu ni kosa, maana kunazidi kulisukuma bega kwenye mfupa. Kinachofanywa ni mama kulazwa chali, mapaja yakakunjwa kwa nguvu kuelekea tumboni, ili nyonga izunguke na mlango ufunguke. Mtu wa pili akandamize juu kidogo ya kinena, kulielekeza bega pembeni. Ikishindikana, mkono uingie ndani kumzungusha mtoto, au kuutoa kwanza mkono wake wa nyuma, au mama ageuzwe apige magoti na mikono. Msaada uitwe mara moja, na mtu mmoja aandike dakika. Dada yangu alikuwa mle chumbani mwanzo hadi mwisho. Mapaja yangu hayakuguswa na mtu.

Lipo na suala la kuambiwa mapema. Wakili alinipa kusoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya mwaka 2015, kesi ya Montgomery dhidi ya Bodi ya Afya ya Lanarkshire, kule Uskoti. Mama alikuwa mfupi wa umbo na ana kisukari. Kwa mama wa hivyo, uwezekano wa bega kukwama ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Alieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa mtoto. Daktari hakumtajia hatari hiyo ya bega, kwa maelezo kwamba wanawake wakiambiwa watachagua upasuaji. Zilipita dakika 12 kati ya kichwa na mwili. Mtoto aliumia ubongo kwa kukosa hewa, na neva za mkono pia ziliumia. Mahakama ikasema kwamba kujua hatari kubwa za njia anayochaguliwa ni haki ya mama mwenyewe, si jambo la daktari kuamua peke yake limfichwe au la. Fidia ilikuwa pauni milioni 5.25.

Mimi nilikuwa na mtoto wa kwanza aliyezaliwa mkubwa na kwa shida, na kwenye kadi ya kliniki sukari yangu iliandikwa "juu kidogo" na mstari ukapigwa chini yake. Hakuna aliyeniuliza wala kuniambia lolote. Ni haki nikisema pia kwamba karibu nusu ya mabega yanayokwama hutokea kwa mama asiye na dalili yoyote, na kwamba mtoto kuwa mkubwa peke yake si sababu ya kumkimbiza kila mama chumba cha upasuaji. Nilichokikosa ni mazungumzo. Dakika kumi za mazungumzo.

Sasa muda. Hapa ndipo "utarudi" ilipotuumiza mara ya pili, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi wanisikilize. Madai ya uzembe yana ukomo, na ukomo unatofautiana nchi na nchi, hata aina ya hospitali na hospitali. Uingereza na Wales ni miaka 3, lakini kwa mtoto hesabu huanza akitimiza 18, kwa hiyo ana mpaka miaka 21. Marekani, kila jimbo lina yake, na mtoto akizaliwa mikononi mwa kituo kinachosimamiwa na serikali kuu, madai yapelekwe ndani ya miaka 2, na utoto wake hausimamishi saa. Hospitali za umma katika nchi nyingi hutaka notisi ya maandishi kwanza, wakati mwingine ndani ya miezi tu. Kisha kuna mtego ambao haukuwahi kunijia akilini: dai la mtoto na dai la mzazi ni vitu viwili. La mtoto ni la mkono wake, maumivu yake, kazi ambazo hataweza kuzifanya. La mzazi ni la gharama alizobeba yeye, matibabu, nauli, siku za kazi zilizopotea. Sheria inayomsubiri mtoto akue mara nyingi haimsubiri mzazi. La kwetu sisi wazazi lilikuwa limekufa miezi kadhaa kabla sijabisha mlango wa wakili. La binti yangu liko hai.

Wapo watakaosema, kwa nini kuburuzana mahakamani. Na kweli kuna nchi zilizopata njia nyingine. New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko wa taifa unaolipa walioumia bila kutafuta mkosaji, na jeraha linalotokana na matibabu limo. Sweden ina bima ya wagonjwa tangu 1975, mgonjwa anaonyesha tu kwamba jeraha lingeweza kuepukika, habishani na mkunga yeyote. Kama tungekuwa na kitu cha namna hiyo, mimi ningekuwa wa kwanza kukipangia foleni, wala nisingetaka kumwona mtu kizimbani. Pasipo hicho, mahakama ndiyo mlango uliopo. Na pesa hiyo ambayo msomaji wako anaiona kama tamaa: katika nchi nyingi fidia ya mtoto hata haiwezi kukubaliwa bila hakimu kuipitisha, na huwekwa chini ya uangalizi hadi akue. Inalipa mazoezi, upasuaji unaofuata, kifaa cha kuushikilia mkono usiku, mtu wa kumwandikia mtihani mkono ukichoka. Mimi siwezi kuigusa kununulia kitu changu.

Baada ya kupeleka malalamiko kwa maandishi, uongozi wa hospitali uliniita kikao. Mkunga aliyenizalisha alikuwepo. Niliingia nikiwa nimekaza meno. Alinitazama akasema, "Nakukumbuka, dada. Usiku ule tulikuwa wawili kwa akina mama sita. Sijawahi kuonyeshwa cha kufanya zaidi ya kuvuta." Kisha akaangalia mikono yake. Sikuwa na cha kumjibu, na mpaka leo sina. Nilimshika bega nilipokuwa natoka.

Maneno yake yananirudia kila ninaposikia watu wakisema haya ni mapenzi ya Mungu. Katika hospitali ya Southmead, mjini Bristol, Uingereza, wakunga na madaktari wote walianza kufunzwa kwa pamoja kila mwaka kwa kutumia mwanasesere aliyekwama, wakirudia hatua zile mpaka mikono ikazizoea. Kabla ya mafunzo, katika kila watoto 100 waliokwama bega, 9 hivi walizaliwa na jeraha. Baada ya mafunzo, wakabaki 2. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Waliendelea, na ripoti yao ya mwaka 2016, miaka 12 tangu waanze, haikuwa na mtoto hata mmoja aliyebaki na mkono uliopooza moja kwa moja. Wanawake waliojifungulia pale hawakuwa na nyonga tofauti na zetu. Wahudumu ndio walioonyeshwa.

Ninachokiomba hospitali zetu ni kitu cha karatasi moja. Kila bega linapokwama, fomu ijazwe kabla ya zamu kuisha: dakika ya kichwa, dakika ya mwili, bega la mbele lipi, hatua zipi, nani alikuwepo, mikono ya mtoto ilichezaje alipozaliwa. Fomu za namna hiyo zipo na zinatumika kwingine. Zinamlinda mtoto na zinamlinda mkunga aliyefanya kila kitu sawa, ambaye leo hana cha kuonyesha. Na mama apewe nakala pamoja na kadi, akiambiwa waziwazi: mkono huu umeumia, utazamwe tena baada ya wiki kadhaa, na akifika miezi mitatu bila kukunja kiwiko mlete siku hiyo hiyo.

Siku niliyotoka kwenye kile kikao nilimpigia wakili nikiwa bado kwenye ngazi. Aliniambia nisiende nyumbani kwanza, nitafute mahali nikae niandike kila neno, nani alisema, saa ngapi. Niliandika. Jioni nikamwita dada yangu, naye akaandika ya kwake tangu mwanzo wa usiku ule, bila kusoma yangu: kichwa kiligeukia wapi, mkunga alisimama upande gani, kigoda kilikuwa cha rangi gani. Alikumbuka kwamba uso wa mtoto ulielekea paja langu la kulia. Wakili alipofika kwenye mstari huo alichukua kalamu akauzungushia, akasema daktari bingwa atakayetoa maoni ataanzia hapo. Tumeweka sahihi na tarehe kila ukurasa. Faili la hospitali lina mstari mmoja, letu lina kurasa kumi na moja, na nakala ya pili iko kwa shangazi yake.

Binti yangu anajua bahasha hiyo iko kabatini. Juzi aliniuliza kama ndani yake kuna picha yake. Nikamwambia ipo moja, ya siku ya pili, imepigwa kwa simu ya dada. Akataka aione. Aliitazama muda mrefu, akaugusa kwa kidole ule mkono uliolala kwenye shuka, akasema, "Hapa ulikuwa haujaanza mazoezi."

Ni mimi,
Mama wa mtoto wa darasa la pili,
msomaji wako wa siku nyingi